Nilivyomjibia Eliya kwa Daktari

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa ni ya zamani, enzi hizo hata Marekani sijaiota. Nilikuwa kijana Singida, nabeba mtama kwenye mashine ya kusaga. Tajiri wangu alikuwa na tabia ya kuwajibia wateja. Mtu hajafungua mdomo, yeye keshasema, "Huyu anataka laini." Bibi mmoja akamfokea mbele ya foleni: "Mtama wangu, uji wangu, wewe unanijibia kama nani?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mashine yenyewe ilikuwa ya dizeli, kelele zake ndizo zilizoniharibu sikio hili la kushoto. Lakini si hilo ninalotaka kusema.

Ninalotaka kusema ni kwamba nilicheka, kisha nikaja kufanya vilevile huku Marekani, mji wa Silver Spring, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha. Eliya, mtoto wa mama yangu mdogo, alikuwa na miezi michache tu tangu aje. Tulikaa chumba kimoja Hyattsville, tukipanga maboksi kwenye ghala moja. Mama yake akafariki nyumbani. Hakuweza kwenda kuzika, karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado. Akaacha kula, akaacha kulala. Nikampeleka kliniki ya Silver Spring, mkalimani mimi, mtu wa darasa la nne, Kiingereza cha kuokota ghalani.

Daktari akampa vidonge, na vilimsaidia. Usiniambie havikumsaidia! Alilala. Jamaa wa ibada yetu ya Jumapili waliosema ni dawa za vichaa, avitupe chooni, sijawasamehe. Lakini baada ya wiki tatu Eliya akaniambia, "Kaka, usingizi nimeupata. Habari za mama nitamwambia nani?"

"Mama kazikwa," nikamjibu. "Jikaze, we mwanamume."

Mimi! Marehemu ni mama yangu mdogo, nami nikamziba mtoto wake mdomo.

Tuliporudi kliniki, daktari akauliza kama Eliya angependa, pamoja na vidonge, kuonana na mama mmoja wa chumba cha pili, ambaye kazi yake ni kusikiliza watu kila wiki. Sikumpa Eliya lile swali. Nikasema hapana, sisi tunaongea wenyewe nyumbani. Kisha nikamtania kwa Kiswahili: "Eti ukamsimulie mzungu asiyekujua! Kwani hawa hawana mashangazi?"

Daktari naye, jicho kwenye saa ya ukutani, akaandika vidonge vilevile, akafunga faili. Hata usoni hakumtazama mgonjwa mwenyewe!

"Kaka, ameniuliza mimi," Eliya akasema.

"Nimeshamjibu."

"Ndiyo. Nimesikia."

Mwanangu, mtu akiumwa rohoni usimchagulie. Vidonge vina kazi yake, mazungumzo yana kazi yake, na anayehitaji vyote viwili apewe vyote viwili. Ukiwa mkalimani, peleka swali kwa mwenyewe, hata kama jibu litakuaibisha wewe. Wala usiseme mnaongea nyumbani kama nyumbani hamwongei! Mungu akupe masikio ya kusikiliza wenzio, akuepushe na mdomo kama huu wangu.

Eliya hakunigombeza. Aliiacha ile karatasi ya dawa juu ya kiti, akavaa koti, akatoka nje, akashika njia ya stesheni ya treni. Nikadhani ametangulia nyumbani. Chumbani kwetu hakurudi tena.