Lori Lililosimama

Eunike hutandika vitanda vya wageni katika loji moja nje kidogo ya mji wa Karatu, upande wa barabara inayopanda kwenda lango la Ngorongoro. Ana miaka saba kazini, na wenzake walimjua kwa mambo mawili: shuka zake hazina mkunjo hata mmoja, na hasimulii habari zake. Walijua tu kwamba kwao ni Qurus, kwa wakulima, na kwamba aliwahi kuolewa Mang'ola. Aliyepata kusikia zaidi ya hapo alikuwa mgeni mmoja.

Mgeni huyo aliitwa Lilian, mwandishi wa tamthilia kutoka Dar es Salaam. Miaka miwili iliyopita alikaa pale majuma matatu, akiandika kutwa nzima barazani huku kahawa ikipoa mbele yake. Siku moja ya mvua alimkuta Eunike anapiga pasi mapazia, akamuuliza kama ana watoto. Eunike alikuwa ameulizwa swali hilo mara nyingi, na siku zote alijibu kwamba hana. Siku hiyo, mwenyewe hajui kwa nini, alijibu kwamba alikuwa naye mmoja.

Akamweleza yote. Yeye na mumewe Remigius, Mchaga wa Rombo aliyekuja kutafuta shamba la kumwagilia, walikuwa wakilima vitunguu Mang'ola. Binti yao Winnie alikuwa na miaka minne. Asubuhi moja ya mwezi wa nne mtoto aliamka na homa, na kabla uji haujaiva akashikwa na degedege. Zahanati wakamtuliza, wakasema awahishwe hospitali Karatu. Remigius alikuwa ametangulia huko na pikipiki tangu jana yake, kuungojea mzigo wao wa vitunguu ambao, kwa alivyojua Eunike, uliondoka alfajiri. Simu yake haikupatikana. Basi lilikuwa limekwisha kwenda. Akamfunga mtoto mgongoni, akatembea hadi kilimani, mahali magari yanapopunguza mwendo.

Likaja lori limesheheni vitunguu. Eunike aliinua mikono yote miwili. Dereva alimwona, maana macho yao yalikutana, lakini hakusimama. Yakapita masaa mawili bila gari. Lori la pili lilisimama, wakapandishwa mbele, kondakta akahamia juu ya mzigo. Walipofika hospitali, mganga alimgusa mtoto shingoni, kisha akamfunika uso.

Winnie alizikwa Qurus, kwa bibi yake. Remigius alisimama kaburini kama mti, na kwa siku nyingi hakumwangalia mkewe usoni. Mwishowe akarudi Mang'ola peke yake. Hakusema sababu, na Eunike hakuuliza, kwa kuwa aliamini anaijua: mumewe anamlaumu, kwamba alikwenda kusimama kilimani badala ya kutafuta pikipiki pale centa, penye maduka.

Lilian alilia siku ile kuliko msimuliaji. Kabla ya kuondoka aliomba ruhusa ya kuitumia habari hiyo katika kazi yake. Eunike alimjibu, "Ichukue. Mimi mwenyewe sina pa kuiweka."

Mwaka huu, mwezi wa sita, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Tamthilia imekamilika, inaitwa Mteremko, na sehemu ya kwanza itawekwa mtandaoni Jumamosi. Chini yake Lilian alikuwa ameongeza: "Dada Eunike, mwisho wa sehemu ya kwanza nimeubadilisha. Sikuweza kumwacha yule mtoto afe." Eunike aliusoma akiwa amesimama kwenye kamba za kuanikia. Aliendelea kubana shuka moja baada ya nyingine mpaka vibanio vikaisha.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Nosim wa mapokezi, msichana wa Kimaasai kutoka Nainokanoka, aliunganisha simu yake na televisheni ya chumba cha wafanyakazi. Watu kama kumi walibanana kwenye mabenchi, maana habari ilikwisha enea kwamba Karatu imo. Na kweli imo. Mashamba ya kahawa ya Oldeani yalipotokea, na ukungu wake, watu walishangilia kama wameona ndugu. Walicheka mkulima Mwiraqw alipofungua kinywa na kutoa Kiswahili cha Kinondoni. Moloimet, mpishi, alisema ng'ombe wale ni wa kukodi, kwa sababu wanaitazama kamera badala ya kumtazama mchungaji.

Eunike alikaa nyuma, karibu na mlango. Naye mwanzoni aliona makosa madogo madogo, na yalimpa nafuu. Mwigizaji anayecheza mama aling'oa vitunguu kwa vidole viwili kama anachuma maua. Matope yalikuwa mepesi mno, ya kumwagiwa maji. Mtoto alikuwa na afya tele, mashavu yamejaa. Lakini alivaa sweta jekundu lenye mfuko mmoja, na hilo Eunike alilisema kwa kinywa chake, kwenye meza ya pasi. Kuanzia hapo hakuona tena makosa.

Degedege ikaja. Mama akakimbia njia ile ile. Kilimani akainua mikono yote miwili, na lori likatokea kwenye kona. Eunike alisikia breki kabla hajaliona gurudumu likisimama. Mlango ukafunguliwa, mkono wa dereva ukanyooshwa, mtoto akapokelewa. Wafanyakazi wakapiga makofi. Picha ya mwisho ilikuwa ya wodini: mtoto anafumbua macho na kuomba uji.

Nosim alijifuta machozi, akisema hajawahi kuona tamthilia nzuri namna hiyo kutoka kwao. Akageuka kumuuliza Eunike ameionaje. Nafasi yake karibu na mlango ilikuwa tupu.

Alimkuta stoo ya mashuka, amekaa juu ya gunia la nguo chafu, kanga mdomoni ili sauti isitoke. Nosim aliuliza ni nini kimemchukiza.

"Hakuna kilichonichukiza," Eunike alisema. "Ni nzuri. Yule mtoto ni wangu, Nosim. Wangu alikufa. Sikujua kwamba kusimama ni jambo dogo hivyo. Nimehesabu, ni kama pumzi tatu."

Nosim aliketi kando yake juu ya gunia, wakakaa hivyo mpaka simu ya mapokezi ilipoanza kulia, na hata hapo hakuinuka upesi.

Kesho yake, Eunike akitoka kanisani, simu iliita. Namba ilikuwa ya Remigius. Kwa miaka tisa walipigiana simu kwa nadra sana, kwa msiba au kwa pole ya ugonjwa.

"Mama Winnie," alisema, na jina hilo ambalo hakuna mwingine aliyelitumia lilimfanya Eunike ashike ukuta wa kanisa. Remigius alieleza kwamba ameiona tamthilia kwenye simu ya mnunuzi mmoja wa vitunguu. Eunike akaanza kumwomba radhi kwa kutoa siri ya nyumba. Remigius alimkatiza. Siyo hilo, alisema. Kuna jambo analotaka kumwambia, na siyo la kwenye simu.

Walikutana Qurus siku ya Jumanne, siku ya mapumziko ya Eunike. Remigius alikuwa amekonda, na nywele zimeota mvi juu ya masikio. Alimpa mama mkwe shikamoo, akakataa kiti, wakaenda wawili mpaka pembeni ya shamba la mahindi lilipo kaburi. Hapo akasema bila kuzunguka.

"Lile lori la kwanza lilikuwa limebeba vitunguu vyetu."

Eunike alisema mzigo wao uliondoka alfajiri.

Mzigo haukuondoka alfajiri, alieleza. Tairi ilipasuka, wakachelewa. Yeye, akiwa Karatu, akampigia dereva, mtu wa kukodi asiyemjua Eunike, akamwambia asisimame kwa abiria yeyote, barabara inateleza na soko la Arusha halingoji mtu. Baadaye simu ikamzimikia. Dereva alipofika alimsimulia kwamba amempita mwanamke kilimani, mwenye kanga ya kijani, na mtoto mgongoni, na roho inamsuta. Remigius alimwambia asijali, atapata gari lingine.

"Sikujua ni wewe," alisema. "Nilijua nilipopata habari nikaja hospitali, nikaiona ile kanga."

"Miaka tisa, Baba Winnie."

"Kila nikitaka kusema, nilijua utanichukia. Nikaona heri unichukie kwa kukuacha."

Eunike alikaa chini kwenye majani. Alisema kwamba miaka yote hiyo alidhani yeye ndiye mwenye kosa. Alijilaumu kila siku, hata akitandika vitanda vya watu. Remigius alifunika uso kwa kofia yake akalia, na Eunike hakumzuia wala hakumbembeleza. Remigius alipouliza kama anaweza kusamehewa, Eunike alimjibu kwamba hajui, asimharakishe. Remigius akaondoka kabla ya chai.

Hawajarudiana, wala ndugu zao hawatarajii. Eunike hakuangalia sehemu ya pili, na wenzake sasa huzima televisheni kwa heshima akiingia. Lilian alipopiga, alimwambia hana kinyongo naye, na ndivyo ilivyo.

Lakini kila mwezi Remigius huja Qurus na pikipiki, hupalilia kaburi, na Eunike akiwa na mapumziko hukaa naye pale. Mara ya mwisho Remigius alikumbuka kwamba Winnie hakumwita baba. Aliwasikia wapakiaji wakimwita Remi, naye akawa anamwita Lemi, kwa sauti kubwa, kutoka upande wa pili wa mfereji. Eunike alikuwa amelisahau kabisa hilo. Aliomba alirudie, jinsi mtoto alivyolitamka. Remigius akalirudia mara moja, ya pili hakuweza.