Macho Yaliyotangulia Ukutani

Kwanza lamba kidole, gusa chini, uape kwamba haya hayatoki humu. Haya. Na hasa wanangu wasiyasikie, maana midomo yao wameirithi kwangu, hahaha! Umeniuliza kwa nini kwenye picha zote za mjomba Shija watu wamefumba macho. Kaa basi.

Nilipokuwa mtoto, Mwingereza bado yupo, niliishi na bibi mzaa mama huko upande wa Kishapu. Mjomba Shija alikuwa kitindamimba wake. Kijana mrefu, akili ya kuchunga hana kabisa! Ukimpa ng'ombe, jioni utawakuta kwenye pamba ya watu, yeye yuko juu ya mwamba anachora kwa mkaa. Babu alimchapa mpaka fimbo ikakatika. Kesho yake kaichora fimbo. Hahaha!

Wakampeleka kwa wayeye, wale wanaocheza na nyoka. Nyumba yao ndani imechorwa nyoka kuta zote, na huko ndiko alikofundishwa: udongo mwekundu, majivu, masizi ya chungu, na kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Sharti lao lilikuwa moja. Jicho mwisho. Unachora mwili wote, mkia, madoa, halafu mkuu wao anakuja na dawa ndipo jicho linawekwa. Jicho likitangulia, walisema, linakaa halina mwili, basi linatoka kwenda kutafuta mwili wa mtu.

Baadaye akaenda misheni kufyatua matofali. Padre mmoja Mzungu, aliyekuwa anachora watakatifu kanisani, akamkuta anachora, akampa brashi na rangi za dukani. Padre naye akamfundisha kivyake: anza na macho, yakikaa sawa uso utayafuata. Mjomba akarudi nyumbani amekumbatia kopo la rangi ya buluu kama mtu aliyerudi na mke.

"Mayu," akamwambia bibi, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "leo nakuchora ukutani, wanaokwenda mnadani wote wakuone."

"Nichore. Lakini macho weka mwisho."

"Ah, mayu! Hayo ni ya nyoka. Kwani wewe nyoka?"

"Kamuulize marehemu baba yako."

Tulicheka mpaka bibi akapaliwa na ugoro.

Akaanza na macho. Wee! Yalikuwa bibi mwenyewe, mekundu, maana alipikia mavi ya ng'ombe makavu maisha yake yote na moshi ulishamharibu. Kabla hajaweka pua, mvua ikashuka kwa kishindo. Mjomba akakimbiza rangi ndani, akasema atamalizia kesho. Yakabaki macho mawili peke yake, ukuta mzima.

Kesho yake siku ya mnada. Watu wanapita na ng'ombe, wakiyaona wanavuka upande wa pili wa njia. Na asubuhi hiyohiyo mtoto mdogo wa mwanangwa, mkubwa wa kijiji chetu, akafa kwa homa. Mtoto mwenyewe juzi yake alikuja kwa bibi kuomba maziwa. Nani ataulizwa tena? Macho mekundu ya kizee yako nje hayana mwili, na mtoto kafa.

Saa sita, jua la utosi, tukasikia mwano, ule ukelele wa hatari. Ukipigwa, kila mwanamume anatoka na silaha. Bibi akanitumbukiza kwenye kihenge cha mtama, naye akaingia juu yangu, kizee kile, mpaka leo sijui alipandaje.

Ndani giza na vumbi. Nikawa nasikia tu. Mawe mlangoni. Mbwa wetu akalia mara moja, basi. "Mtoeni mchawi!" Moshi wa nyasi za paa ukaanza kuingia. Kisha sauti ya mjomba: "Mayu hana kosa! Macho nimeyafungua mimi!"

"Yafunge basi, mshenzi wewe!"

"Mkono ulioyafungua ukatwe!"

Halafu kang! Panga kwenye jiwe. Halafu pigo jingine, hilo halikulia kang. Mjomba akapiga yowe ambalo sijalisikia tena duniani. Bibi aliniuma bega ili asilie. Kovu hili hapa, shika.

Tulipotoka, upande mmoja wa paa umeungua, na yale macho yamefutwa kwa damu. Kwenye jiwe la kusagia vilikuwepo vidole vya mkono wa kulia wa mjomba, kimoja kina buluu kwenye kucha.

Jeraha halijafunga vizuri akaenda Geita, kwenye dhahabu. Akaufundisha mkono wa kushoto. Akachora kuta za maduka, za vilabu vya pombe, na sura za wachimbaji kwenye vipande vya mbao, wote macho yamefumbwa. Mmoja akamfokea, "Mbona umenichora maiti?" Mjomba akamjibu, "Hujafa, umelala, unaota dhahabu." Jamaa akacheka, akabeba picha yake. Wazungu wa mgodini nao wakaja, wakasema huo ni mtindo. Mtindo! Hahaha! Mungu wangu.

Harusini kwangu alikuja. Akala nyama kwa kushoto, akamtazama bwana harusi muda mrefu.

Bibi alikufa kizee sana, kitandani mwake. Mjomba akarudi, na ukutani pale akachora mwili wote, mpaka miguu yenye magaga. Macho akayaweka mwisho, waombolezaji wamesimama. "Mayu," akasema, "nimekusikia."

Siku hizi najiuliza yale macho yalimtafuta nani. Yule mtoto, mimi nasema alitafutwa na homa. Macho yaliwatafuta wenye mapanga, na yaliwapata.

Maana mimi nilikuwa kihengeni, ya nje sikuyaona. Kwamba mjomba aliweka mkono kwenye jiwe mwenyewe, akasema chukueni huu mniachie mama. Kwamba pigo la kwanza lilikosa kwa sababu mwenye panga alikuwa analia, anamlilia mdogo wake aliyekufa asubuhi. Hayo niliambiwa tukipukuchua mahindi, watoto wetu wanacheza uani, na aliyeniambia ndiye aliyelishika panga. Ngusa, mtoto mkubwa wa mwanangwa. Mume wangu.