Kadi ya Kumbukumbu na Maji ya Mama Mwajuma

Naona haya hata kusimulia. Jumatatu kompyuta pekee ya mradi wetu wa mboga hapa Morogoro ilipowashwa, ilionyesha kwenye skrini nusu tu ya kumbukumbu yake. Mimi, fundi mzima, sikuifungua. Nilitangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba Mama Mwajuma, mfagizi wetu, ameiunguza kadi ya kuongeza kumbukumbu kwa maji yake ya kudeki.

"Ndugu fundi, fungua tuone kabla sijamwachisha kazi," akasema meneja.

Nikafungua. Mahali pa kadi palikuwa patupu.

Mama Mwajuma akasema taratibu, "Mwanangu, mbona uliichomoa mwenyewe Ijumaa uifute vumbi? Ipo mezani kwako. Nilipodeki niliifunika kitambaa, isirukiwe na maji."