Skrubu ya Mwisho ya Rosmarie

Mdogo wangu Korbinian ni mbishi tangu tumboni. Mama alikuwa akisema mimba nyingine zote zilimlaza, hii ya Korbinian ilimpiga mateke. Nami nimeishi na ubishi huo mlango kwa mlango maisha yangu yote, maana karakana yake ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, na jiko langu vinagawana ukuta mmoja. Akitoboa mbao kule, sufuria zangu zinatetemeka huku.

Kazi yake, kama ya baba yetu, ni kufunga vifungio, vile vyuma vya juu ya mbao vinavyoshika kiatu. Viko namna mbili. Kuna vya reli: unavuta kijiti, chuma kinasogea mbele au nyuma, kiatu cha mtu yeyote kinaingia. Hivyo ni vya kukodisha, kwa wageni wanaoshushwa na basi wakati wa Krismasi, kila mmoja na mguu wake. Halafu kuna vya kutobolea. Unaleta kiatu chako, Korbinian anapima, anatoboa, anakaza, na kuanzia siku hiyo mbao zile ni za kiatu kile tu. Mwenyeji wa bonde letu akionekana na vya reli, ni aibu. Wastl, anayelinda lifti ya kupandisha watu mlimani, akikuona navyo anapaza sauti mlima mzima usikie: "Karibu mgeni! Umefika lini?" Padri mpya alipofanyiwa hivyo, wiki ileile alikuwa karakanani na kiatu mkononi.

Na tuna desturi. Fundi anakaza skrubu zote isipokuwa moja. Hiyo ya mwisho unapewa bisibisi uikaze mwenyewe, watu wanagonga meza, mnakunywa kidogo, na baada ya hapo hakuna mkono mwingine unaoigusa, hata wa fundi. Huo ndio umiliki.

Rosmarie, mke wa Korbinian, aliletwa kwetu kutoka shamba la juu kabisa, mtoto wa pekee, mwembamba, na kamguu kadogo mpaka tukimtania kwamba anavaa viatu vya mwanasesere. Wifi yangu huyo nilimpenda kuliko ndugu zangu wa damu, na nasema hivyo Korbinian akiwa anasikia. Miaka mingi baadaye dhoruba ikaangusha mti mkubwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Mzee akapasua sehemu iliyokuwa nzima, akampelekea mtengeneza ski wa ng'ambo ya mlima. Zikatoka mbao za jozi moja tu. Zilifika mwezi wa kumi, nyeupe, nyepesi, huwezi kuacha kuzipapasa.

Lakini Rosmarie alikuwa ameshatoka hospitali na jibu lake. Kansa. Daktari alimwambia ukweli, naye akatuambia sisi, na sote tukasikia isipokuwa Korbinian.

Siku hiyo walikuwa jikoni kwangu, mimi nafinyanga madonge ya mkate ya supu. Rosmarie akasema, "Baba Leni, hizi nifungie vya reli."

Korbinian akacheka. "Wewe? Mke wa fundi? Wastl atatuimba mpaka Pentekoste."

"Acha aimbe. Mguu wangu wa kuku, wa Leni kama wako. Nataka leo nivae mimi, kesho avae yeye."

Leni ni binti yao, wa pekee naye, alikuwa akifanya kazi mjini na kurudi Jumamosi. Kweli miguu aliichukua kwetu, masikini.

"Leni nitamtengenezea zake," Korbinian akasema.

"Za mti upi? Mti wa baba umeisha, ndio hizi." Akaweka kiganja juu ya mbao. "Na Jumatatu ya Pasaka nani atanishusha?"

Hapo ndipo mkono wangu uliposimama ndani ya bakuli. Jumatatu ya Pasaka kijiji kizima hupanda kwenye kanisa dogo la mlimani kuwaombea waliofariki mwaka huo, na kila marehemu mbao zake hushushwa na mtu wa nyumba yake, akiwa amezivaa, mpaka ukuta wa makaburi. Ni kumrudisha mtu nyumbani. Nyumba nyingi hazikosi ndugu wa mguu wa kufanana. Rosmarie hakuwa na dada wala kaka. Alikuwa na Leni.

"Ukome!" Korbinian akapiga meza, madonge yangu yakaruka.

"Sikomi. Korbi, mimi Pasaka sifiki. Nisikie basi, mume wangu."

"Vya reli ni vya mgeni. Wewe si mgeni hapa. Huendi popote."

Rosmarie akanigeukia. "Wifi, hebu msemeshe mdogo wako."

"Korbinian," nikamwambia, "mwenye mbao kasema anachotaka. Wewe ni fundi, si Mungu."

"Dada, koroga chungu chako."

Nilimsema tena jioni, na kesho yake nikamsema mpaka sauti ikakauka. Sikio la kufa halisikii dawa. Na aliyekuwa anakufa wala hakuwa yeye.

Asubuhi moja sufuria zangu zikaanza kutetemeka. Nikajua. Nilisimama na mwiko mkononi nikalia, na sioni haya kusema. Hata hasira sikuweza kuwa nayo sawasawa, kwa sababu nilimwelewa yule mpumbavu. Maisha yake yote alikuwa ameona mbao zilizotobolewa zikingoja wenyewe warudi, na wenyewe wanarudi, kila theluji inapoanguka. Akadhani akimtobolea mkewe kwa kipimo cha kiatu chake, basi mkewe atalazimika kuwepo.

Akatuita karakanani. Rosmarie akashuka ngazi ameshika ukuta. Alipoziona juu ya meza, akasimama.

"Umetoboa."

"Nimetoboa."

"Kwa kiatu changu."

"Kwani cha nani tena, Mama Leni?" Alikuwa anatabasamu, lakini kidevu kinamcheza kama mtoto aliyevunja kitu na bado anatumaini atasifiwa.

Rosmarie akasogea mezani. Nilidhani atamtukana, na Mungu anisamehe, nilitaka amtukane. Badala yake akanyoosha mkono apewe bisibisi. Aliishika kwa mikono miwili, akainama, akazungusha, jasho likamtoka juu ya mdomo. "Tayari," akasema.

Lo, Korbinian alivyogonga meza ile! Akamimina pombe ya peasi mpaka ikamwagika. "Mmeona? Mmeona nguvu hizo? Halafu mtu ananiambia mambo ya Pasaka!" Akamkumbatia. Rosmarie akanitazama juu ya bega la mumewe, akatikisa kichwa kidogo. Nikafikiri ananikataza kulia.

Alizivaa mara moja tu, siku ya Mtakatifu Nikolasi, mwanzoni mwa Desemba, kwenye mteremko mdogo nyuma ya kanisa ambapo watoto hujifunzia. Alikata kona chache, taratibu, Korbinian akimkimbilia pembeni na buti zake za kazi. "Tamu sana," akasema aliporudi, na midomo imekuwa ya bluu. Akafa kabla ya Kwaresima, nyumbani, Leni amemshika mkono huu na Korbinian mkono huu.

Ijumaa Kuu Leni aliniita. "Shangazi, njoo. Baba hasemi."

Nikawakuta karakanani. Leni ameshachukua mbao za mama yake na amejaribu kuingiza kiatu chake. Hakiingii. Kilizidi upana wa kidole kimoja, na nyie msiojua mtasema kidole ni nini. Kifungio cha kutobolea kinasogea unene wa kucha, basi. Kingezidi vidole viwili au vitatu, Korbinian angetoboa upya mbali na matundu ya zamani. Kwa kidole kimoja matundu mapya yanaangukia nusu juu ya yale ya kwanza, na mti mwepesi vile ungepasuka kwenye kona ya kwanza, na Leni juu yake. Reli nayo Korbinian aliipima. Skrubu zake zinapita palepale.

"Jaribu, Baba," Leni akasema. "Toa chuma tuone hali ya ndani. Labda mti una nguvu."

Korbinian akachukua bisibisi. Skrubu za kwanza zilimtoa jasho. Alikuwa amezikaza kwa mkono wake mwenyewe, mkono wa fundi. Akaja kwenye ile ya mwisho. Akasita, maana haiguswi. Leni akamwambia, "Baba, itoe tu." Akaweka kidole juu yake kwanza, nadhani alitaka kuisalimia.

Ikazunguka.

Aliitoa kwa vidole viwili, bila bisibisi, kama unavyofungua kizibo cha chupa. Akaiweka kiganjani akaiangalia. Kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi la mbao.

"Hakuwa na nguvu, dada," akasema. "Hakuwa na nguvu hata ya kuikaza. Akasema tayari. Na mimi nikagonga meza."

Nikakumbuka kile kichwa kilivyotikiswa juu ya bega. Kumbe alidhani nimeiona mikono yake ikishindwa. Alikuwa ananikataza kumwambia.

Korbinian akalia kwa sauti, mzee mzima, mpaka watu wa barabarani wakasimama. Leni alikuwa na haki ya kumlaumu, nami nilikuwa nangoja. Akapiga magoti, akamfuta baba yake machozi kwa mkono wa sweta. "Ulitaka abaki," akamwambia. "Hata mimi nilitaka abaki." Lakini naye alikuwa analia, kwa sababu kutaka kote huko hakukupunguza kidole.

Jumatatu ya Pasaka tulipanda. Nyumba yenye msiba hutangulia. Leni alikuwa na ski zake mwenyewe, zilizotobolewa vizuri. Korbinian alikuwa nyuma yake, na mbao nyeupe za Rosmarie amezifunga mgongoni kwa kamba, chuma kimetolewa, matundu wazi. Miguuni, mbele ya kijiji kizima alichokitobolea mbao maisha yake yote, alivaa za kukodisha. Za reli.

Alishuka vibaya. Machozi, uzito mgongoni, na vile vyuma hakuvizoea. Alianguka mara moja, Leni akamsubiri, hakuna aliyecheka. Chini, kwenye ukuta wa makaburi, Wastl alikuwa amesimama na kofia yake. Akamwona Korbinian, akaona miguu yake, mdomo ukafunguka kwa mazoea, kisha akauona mzigo, akafunga mdomo.

Korbinian akasimama mbele yake, anahema.

"Sema tu, Wastl."

Wastl akatikisa kichwa.

"Sema, bwana. Yeye alitaka hizi, nami nikaona aibu kwa ajili yako."

Wastl akamsogelea. Akavua kofia, akamfungua kamba kifuani, akazipokea zile mbao begani, wakaingia pamoja makaburini, Leni mbele.