Kisima cha Bi Somoe

Nakumbuka siku moja nilisimama mbele ya mkutano wa mtaa, Lindi mjini, karatasi ya maabara mkononi, nikijiona kama mtu aliyekwisha shinda kesi kabla haijasikilizwa. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, hiyo hiyo unayoiendea wewe, mwanangu, ya sera na uongozi wa afya ya miji, na chuo kilikuwa kimenituma kutoka Dar es Salaam kuja kufanya utafiti. Nikawaambia watu kwamba kisima chao kimeingiwa na uchafu wa vyoo, kwamba ndicho kinachowaharisha watoto, na kwamba kifungwe kesho yake.

Nilisema kweli, na mpaka leo siipunguzi kweli ile hata chembe. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimekaa wodini na Asha, jirani yetu, mwanawe amesinyaa, macho yamezama ndani, dripu mkononi. Nyumba zilikuwa zimesongamana, vyoo vya shimo vimekizunguka kisima, na masika yakamalizia kazi. Kwa hiyo nilitarajia nipigiwe makofi. Badala yake akainuka mzee mmoja, Mzee Mfaume, fundi cherehani, akanitazama kwa upole ulionichoma kuliko ukali.

"Binti yangu," akasema, "mama yangu alikukosea nini?"

Akavaa makubadhi yake akaondoka, na nusu ya mkutano ikamfuata.

Sikuelewa hata kidogo. Mimi ni Mmatumbi wa Kipatimu, nimelelewa na misheni, na mambo ya pwani nilikuwa nayajua kwa kupita njia tu. Mwenzangu wa ofisi ya afya ya mji alikuwa na dawa yake: twende na kufuli, wakibisha tuite askari. Nikamwambia anipe siku mbili tatu nifikiri, lakini moyoni nilikuwa nimeshakubaliana naye.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Zuhura, mama mtu mzima ambaye kubembeleza hakukuwa fani yake. Jioni ile alinikuta barazani nimenuna, akakaa na ungo wake wa choroko.

"Umesoma, hongera," akaanza. "Sasa nikwambie usichokisoma. Kisima kile Mfaume alikichimba mama yake alipofariki, Bi Somoe, Mungu amrehemu. Ni sadaka yenye kuendelea. Kila anayekunywa pale, marehemu anapata thawabu kaburini. Wewe umesimama mbele ya kadamnasi ukamwambia mtoto amfungie mama yake mlango. Ulitaka akupigie vigelegele?"

"Lakini bibi, maji yale yanaumiza watoto."

"Nani kabisha? Mtoto wa Asha tumemwona wote. Kweli umeisema, ila hukuipa pa kukaa. Ukifunga kwa kufuli, alfajiri watalivunja, na safari hii watakunywa kwa kukukomoa."

Aliendelea kuchambua choroko zake kama hakusema kitu. Nilikasirika, nakiri, kisha hasira ikaisha ikabaki akili. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mimi nilikuwa nimesimama wima mno.

Asubuhi nikajitanda kanga, nikaenda kwa Mzee Mfaume. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanionyesha mkeka. Karatasi ya maabara niliiacha chumbani. Nikamwomba anisimulie habari za mama yake. Akaacha kushona kidogo, kisha akanieleza jinsi Bi Somoe alivyokuwa akiuza vitumbua, na jinsi ambavyo hakuweza kumwona mtoto wa mtu anasikia kiu akampita. Alisimulia mpaka chai aliyonikaribisha ikapoa. Nikamsikiliza, na baadaye nikamweleza ya mtoto wa Asha, taratibu, bila kumlaumu mtu.

"Mzee wangu," nikamuuliza, "mama angekuwa hai, angempa mtoto huyo maji haya?"

Akaikunja nguo aliyokuwa akiishona, akaiweka kando. Nilidhani nimeharibu tena.

"Asingempa," akasema. "Lakini thawabu zake, mwanangu? Nimwachie nini?"

Hapo ndipo shule iliponifaa, na usije ukamsikiliza mtu anayekwambia kusoma ni kupoteza muda. Katika utafiti wangu nilikuwa nimechora ramani ya mtaa mzima, nikajua bomba kubwa linapita barabara ya nyuma, na nikajua kinachokwamisha kioski cha maji ni kukosa kiwanja tu. Nikamwambia hivyo. Mzee Mfaume akaugeukia ua wake, mahali alipokuwa akipumzika mchana, akasema kiwanja ndicho hiki, kiandikwe sadaka ya Bi Somoe. Mimi nikabaki na kazi ya kuwasumbua wakubwa ofisini, na kusumbua nilikuwa nakujua. Nilirudi na kurudi mpaka mabomba yakachimbiwa.

Siku maji yalipofunguliwa, Mzee Mfaume mwenyewe ndiye aliyekata kamba ya ndoo pale kisimani. Kufuli halikuhitajika, wala askari. Asha alikuja na mwanawe mgongoni, amepona, ana kelele kupita watoto wote. Mzee akamkingia maji ya kwanza kwenye kikombe, akampa kwa mkono wake. Nililia, sioni haya kusema.

Basi nenda, mwanangu, kasome, tena usome sana. Mji hauponi kwa huruma peke yake. Unataka mtu anayejua kupima maji, kuchora ramani na kuibana ofisi mpaka itende. Wewe ukiwa mtu huyo, usiingie mtaa wa watu ukianza kufunga. Kwanza uliza kitu hiki kilifunguliwa kwa ajili ya nani, kisha uwape watu njia ya kuendelea kumpenda. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugeni usioponya ni mzigo kwa mwenyeji.

Mungu akujaalie elimu yenye manufaa, akupe ulimi wa kweli na masikio ya subira. Na akufanye mtu ambaye watoto watakua kwa kazi yake wasipate kujua waliepushwa na nini.