Redio ya Baba Ndani ya Tuta

Siku hizi mjukuu wangu wa kike pale Mazwi, Sumbawanga mjini, akitaka kujua bei ya mahindi Kasesya, mpakani na Zambia, anagusa simu kwa kidole kimoja huku mkono wa pili unageuza maandazi. Ananiambia, bibi, leo imepanda. Namjibu vizuri, kisha natoka nje, maana nikikaa pale hasira inanipanda na yeye hana kosa. Simu ile haikutengenezwa kwetu. Ile aliyokuwa nayo kabla ya hiyo nayo haikutengenezwa kwetu. Mahindi yanapanda malori yanakwenda, vitu vya kuongea vinarudi, na nikiuliza ni lini na sisi tutaunda kitu cha kuongea, watu wananicheka, eti bibi ameanza siasa zake.

Siasa zenyewe nilizipata kwa baba. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa barabara ya kushuka Muze, na aliiamini ile siasa toka moyoni, siyo ya mdomoni kama ya wengine. Tulipoambiwa tuhame mashamba ya babu tukapangwe kwa mistari, yeye ndiye wa kwanza kubomoa nyumba yake. Duka la kijiji lilipobakiwa na chumvi na viberiti vilivyolowa, alisema tuvumilie, nchi bado changa. Tukafua kwa maji ya majivu, tukavumilia.

Kitu kimoja tu kilimshinda baba, nacho ni redio. Mama aliinunua ng'ambo, Zambia, kwa ulezi wa shamba lake mwenyewe, akaileta imefungwa kwenye kanga. Baba alinuna siku nzima. Jioni akaiwasha. Tangu hapo majirani walikuja na vigoda vyao kusikiliza taarifa ya habari, na ole wako ukohoe. Taabu ilikuwa betri. Baba alisema zinatengenezwa hapa hapa nchini. Labda, lakini barabara ya kuja huku kwetu Ufipa ilizimaliza zote njiani. Kwa hiyo zikichoka zile zile tulizianika juani juu ya jiwe, au tuliziweka kando ya mafiga, zikipata joto zinafufuka zinasema tena kidogo. Hakuna mtoto kijijini ambaye hakulijua hilo, na ndilo lililotaka kutuua.

Halafu ukaja msako. Wahujumu uchumi, walisema redioni. Ukikutwa na kitu cha nje na huna risiti, unakwenda ndani. Tulisikia mwenye duka mmoja mjini Sumbawanga kachukuliwa, mkewe kabaki analia na watoto. Tulisikia watu wanamwaga sabuni vyooni na kutupa vitenge mtoni, sabuni hiyo hiyo ambayo sisi tulikuwa hatujaigusa kwa muda mrefu. Baba aliitisha mkutano, akasoma agizo mwenyewe. Aliporudi nyumbani akamwambia mama, "Kaitupe mtoni leo hii. Siwezi kupekua nyumba za watu na yangu chafu."

Jana yake betri zilikuwa zimekufa katikati ya habari, sauti ikafifia yenyewe mpaka kimya, na hakuna aliyegusa swichi. Mama akaichukua hivyo hivyo, akaondoka nayo. Alirudi mikono mitupu, akasema, "Nimeitupa." Baba hakula siku ile.

Mimi nilikuwa nimefuatana na mama, kwa hiyo nilijua. Hakufika mtoni. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha, na wakati huo Wafipa tunalima kwa kukusanya nyasi na kuzifukia kwenye udongo, shamba zima linajaa matuta ya mviringo, intumba tunayaita. Nyasi zinaoza humo ndani zinakuwa mbolea, na ukitia mkono kwenye tuta changa unakuta joto. Mama alifungua tuta moja nyuma ya nyumba, akaiweka redio ndani ya gunia, akafukia.

"Haya mambo yakipita nitaifukua," aliniambia. "Na wewe mdomo wako huo ufunge."

Siku chache baadaye mama alialika wanawake wa jirani kumalizia shamba. Pombe ya ulezi imeiva, majembe yanakwenda, na hapo gari la wilayani likaingia. Alishuka ofisa mmoja kijana na mgambo wawili, baba akatangulia mbele yao kama balozi. Walipekua nyumba za wengine kwanza, yetu wakaiacha mwisho kwa kumheshimu. Walichokoa vihenge kwa fimbo, wakageuza vitanda, hawakupata kitu. Kisha yule ofisa akaja mpaka ukingoni mwa shamba, akasema kwa upole ulionitia baridi:

"Shikamoo tena, mzee. Nasikia hapa kwako kulikuwa na redio."

"Ilikuwepo," baba alisema. "Haikuwa na risiti. Nilimwagiza mke wangu aitupe mtoni, akaitupa."

"Una hakika?"

"Mke wangu hajawahi kunidanganya."

Ndipo tuta likaongea.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu nalo. Kwanza nilisikia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu, halafu sauti ya mtu, ndogo lakini ya mtu kabisa. Joto la zile nyasi lilikuwa limezifufua betri. Ilikuwa taarifa ya habari ya mchana, na msomaji nilimjua kwa sauti. Alikuwa anasoma bei za mazao za msimu, zile zile ambazo kijiji kizima tulikuwa tunazisubiri. Kahawa. Pamba. Mama alikuwa ameinama, jembe liko hewani. Niliwaza jambo moja tu, kwamba wanamchukua mama.

Kulikuwa na jirani yetu mmoja ambaye hawakupatana na mama kwa sababu ya kuku. Huyo huyo ndiye aliyeanzisha wimbo wa kulima, wa Kifipa, kwa sauti ya kukwaruza, na wenzake wakaudaka wote. Basi nikajua kwamba wote wamesikia. Ofisa alikuwa mtu wa Mbeya, Kifipa hakijui, akatabasamu kidogo. Halafu akakunja uso, akainamisha kichwa upande, akainua mkono kuwanyamazisha.

Baba akaingia shambani. Alimpokonya mama jembe bila kumtazama.

"Wanawake hawa hawajui kujenga tuta," alisema kwa nguvu. "Ona lilivyolegea hili."

Akapiga. Kitu kilipasuka humo ndani. "Jiwe," baba alisema, akapiga tena, na tena, mtu ambaye alikuwa akiipangusa redio ile kwa kitambaa chake cha kanisani. Wimbo ulipokatika palikuwa na upepo tu.

"Mzee, mbona unatetemeka?"

"Umri," baba alisema, na hakuwa na mvi hata moja.

Ofisa alilitazama tuta, akawatazama wanawake, akamtazama baba kwa muda mrefu. Akasema, "Haya mzee, kazi njema." Mpaka leo sijui kama alisikia au hakusikia.

Watu wakiniambia baba alikuwa mjinga, tunagombana. Alitaka nchi yake iunde redio yake yenyewe, na mimi ninalitaka hilo mpaka kesho. Lakini naomba mtu mmoja anieleze mama yangu alihujumu nini. Ulezi ni wake, mgongo ulioubeba ni wake, na alichotaka ni mumewe asikie habari za nchi anayoipenda.

Jioni majirani walikuja na vigoda vyao kama kawaida, na yule wa kuku pia. Hakuna aliyewaita. Walikaa wakitazama pale redio ilipokuwa ikikaa. Baba na mama walikuwa hawajasemezana tangu mchana. Nilikuwa nangoja baba amfokee mama kwa kumdanganya, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumjibu, adabu au si adabu. Baba akanigeukia mimi.

"Wewe ulikuwa karibu," alisema. "Walikuwa wamefika kwenye mahindi?"

"Hapana baba. Walikuwa kwenye tumbaku."

Alitikisa kichwa polepole.

"Mahindi wanayasoma mwisho," alisema. "Siku zote wanatusoma mwisho."

Kisha akafunika uso kwa mikono yake miwili mbele ya watu wote. Mama alisogeza kigoda chake mpaka kikagusana na cha baba, wakakaa hivyo hivyo mpaka saa ya habari ikapita.