Bibi Amelazwa Stoo

Kosa lilianzia kwenye jina, na jina tulilitoa wenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Nilipokwenda kuoa, kijijini njia ya Mbinga, bibi wa mke wangu hakunitaka. Hakuwa na chuki nami. Hakujua tu Singida iko wapi, na mtu ambaye kwao hakujulikani utamfuata wapi akitoroka na mjukuu wako? Watu wakamweleza: Singida, Bibi, kule kwenye kuku. Akanitazama upya. "Kumbe ni mtu wa kuku," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Naomba ieleweke kwamba kwa mdomo sikusema uongo. Mimi nilikulia nyuma ya stendi, na kuku niliowajua walikuwa wamekwisha kukaangwa, wanapitishwa kwenye madirisha ya mabasi. Lakini nilikuwa nataka mke, na kichwa kikaenda chini kikarudi juu.

Siku ya kuondoka, Bibi alinikabidhi kuku jike mweusi, kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. "Huyu ndiye mimi hapo nyumbani kwenu," akasema mbele ya ukoo mzima. "Akinenepa, nimenenepa. Akifa mikononi mwako, mjukuu wangu anarudi." Wakacheka wote isipokuwa yeye.

Basi yule kuku tukamwita Bibi. Kila Jumapili Bibi wa kijijini alipopiga simu aliuliza kwanza, "Mimi sijambo huko?" Nami namjibu, "Hujambo kabisa, Bibi. Wiki hii umetaga mayai manne." Anaguna, anaridhika, ndipo anauliza habari za mjukuu wake. Za kwangu hakuwahi kuuliza.

Songea mwezi wa saba baridi yake haina utani. Mke wangu alikuwa amekwenda semina ya walimu, wiki nzima, na akaniachia maagizo ya kila kitu isipokuwa kuku, maana kwa kuku aliniamini. Asubuhi ya siku ya nne nilifungua banda nikamkuta Bibi amejikunyata, macho nusu yamefumba, ile shingo yake tupu imevimba mbele mpaka inang'aa. Nikammwagia mahindi. Akayatazama kana kwamba ni barua ya uhamisho. Mdomoni alikuwa anadondosha ute.

Niliogopa kweli. Nilijua hakuna ukoo unaomrudisha binti kwa sababu ya kuku, lakini nilijua pia kwamba yule kikongwe hakucheka. Na hata kama mke wangu asingerudi kwao, mimi ningebaki mtu wa Singida aliyeua kuku mmoja aliyepewa. Nikambeba Bibi, nikamweka ndani ya beseni kwenye stoo, mbali na wenzake wawili, nikafunga kwa nje, nikatoka mbio.

Njiani nikakutana na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mama jirani ambaye habari ikimfikia huwa haimalizi dakika kumi bila kufika mahali pengine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio hivyo, nyumbani hamjambo?"

"Sisi hatujambo. Bibi ndiye kaamka vibaya. Shingo imevimba, hali, hanywi, anatoka ute tu mdomoni."

Akashika kifua. "Masikini! Kwani yuko huku? Tangu lini?"

"Si tuko naye tangu harusi, mama."

"Mbona sijamwona hata kanisani!"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka. "Mmempeleka hospitali?"

"Hospitali tena! Naenda kumchukulia dawa hapo duka la mifugo."

"La mifugo."

"Ndilo la karibu. Hata hivyo kazeeka, mama. Asipopata nafuu hadi jioni, sina la kufanya."

"Na sasa hivi yuko na nani?"

"Yuko peke yake, stoo. Nimemfungia kwa nje asije akaambukiza wengine."

Mama yule aliondoka bila kuaga. Nikasema moyoni, watu wa huku wana huruma sana.

Kwenye duka la dawa za mifugo anauza dada mmoja mwenye koti jeupe. Nikamweleza dalili. Akauliza kama kuku anapinda shingo, kama anaharisha kijani, maana akiwa na kideri hakuna dawa, ni kungoja tu. Nikasema hapana. Akauliza, "Kaka, wewe mwenyeji wa wapi?" Nikamjibu kwa sauti ya chini. Alicheka mpaka akaegemea magunia ya pumba. "Singida! Halafu unakuja kuniuliza mimi!" Alipomaliza kufuta machozi akanieleza kwamba huenda chakula kimekwama kwenye kile kifuko cha shingoni. Nimpe maji na mafuta ya kula kidogo kidogo, nimkande taratibu, na nisimpe punje hata moja. Akanipa bomba la sindano lisilo na sindano.

Nikarudi. Nikavua tai, nikamfunga Bibi kwenye khanga ya mke wangu, nikampakata juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mafuta ya alizeti tuliyokuwa nayo yalitoka Singida, na nilijipa moyo kwamba angalau hapo kwetu tunachangia kitu. Tone moja la mafuta, tone la maji, nakanda. Pumzi ya yule kuku ilinuka pombe ya komoni iliyosahauliwa. Nilimwimbia. Sitasema niliimba nini.

Nilikuwa bado nakanda niliposikia hodi za watu wengi. Nikamrudisha Bibi kwenye beseni, nikatoka. Uani walikuwa akina mama saba wa jumuiya, wamejifunga vitenge, wamebeba sukari, mikate na machungwa, na nyuma yao katekista na kitabu chake. Mwenyekiti alikuwa mbele, amekaza uso.

"Tumekuja kumwona mgonjwa," akasema.

Kwetu kuku akiumwa watu huuliza tu kama maji yameshachemshwa. Hapa jumuiya nzima imeacha mashamba. "Karibuni sana," nikasema, na kwa kweli machozi yalinilenga. "Ila muingie mmoja mmoja, anaogopa watu."

"Anaogopa watu!" akarudia mwenyekiti, akawatazama wenzake. "Tangu afungiwe."

Nikafungua stoo. Hawakuingia mmoja mmoja. Waliingia wote kwa mkupuo, wakazunguka beseni, na Bibi akachungulia kutoka kwenye khanga kwa jicho moja. Katekista, aliyekuwa ameshafungua ukurasa wa kuwaombea wagonjwa, akaufunga.

"Na Bibi?" akauliza mwenyekiti.

"Si ndiye huyu."

Nikaeleza habari ya jina. Nilikuwa naeleza huku nikiona uso wake unavyobadilika, siyo kwa kicheko bali kwa hofu. "Yesu na Maria," akasema. "Nimeshapiga simu kijijini."

Simu ilipokelewa na shangazi wa mke wangu. Shangazi alisikia kwamba Bibi yuko Songea hoi, amefungiwa stoo, analishwa dawa za ng'ombe. Akatoka nje analia kwa sauti, akamkuta Bibi mwenyewe uani anaanika mahindi. Mtu mwingine angeishia hapo, angepiga simu kusahihisha. Bibi aliingia ndani, akavaa viatu vya kanisani, akaita bodaboda.

Akina mama hawakutaka kuondoka, maana sasa lilikuwa jambo la kuona mwisho wake. Katekista akasema kitabu kina baraka za mifugo pia, na kwa kuwa tumeshakusanyika, tusali. Tulikuwa tumeinamisha vichwa kuzunguka beseni pikipiki iliposimama mlangoni.

"Hodi humu! Nimeambiwa niko mahututi," ikasema sauti. "Nimekuja kujiona."

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Hakuitikia. Aliwapita wote, akapiga magoti, akamshika kuku, akamnusa mdomo, akamfinya shingo. "Mafuta nani kampa?"

"Mimi."

"Endelea kukanda."

Nikakanda. Akamfungua mdomo kwa vidole viwili, akaona ncha ya uzi, akaikamata. Uzi wa bluu ukaanza kutoka. Yeye anavuta kidogo, anasubiri, mimi nakanda, anavuta tena. Kila uliporefuka akina mama waliguna. Ukatoka na uchafu wake wote, nyingi sana zile nyuzi, zimesokotana na majani na pumba, na zote zikaishia kwenye shati langu la ofisini. Bibi wa mjini akakohoa kama mtu mzima, akajitikisa, akaruka kutoka kwenye beseni na kuchafua kiatu cha katekista.

Bibi wa kijijini aliinua zile nyuzi. "Hizi ni za kiroba. Kuku kala wapi kiroba?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikasema, "Nilimtandikia bandani. Kwa ajili ya baridi."

"Singida mnawatandikia kuku?"

"Bibi, sijui," nikasema, mbele ya jumuiya nzima. "Sijawahi kufuga kuku maishani mwangu. Nilikuwa nawala tu. Nisamehe."

Akafuta mikono kwenye khanga. "Nilijua siku ile ile. Ulimpokea kwa mikono miwili, ukamweka kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Mtu wa kuku hushika miguu."

"Sasa mbona ulinipa?"

"Sikuwa na mbuzi."

Kisha akageuka kuwauliza akina mama ile sukari, mikate na machungwa vililetwa kwa ajili ya nani. Wakamjibu kwamba vililetwa kwa mgonjwa, Bibi. "Ndiye mimi," akasema, akavikusanya vyote, akapanda pikipiki yake. Ile khanga ya mke wangu pia aliondoka nayo.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, simu ikaja tena: Bibi anaumwa. Mke wangu akauliza, "Yupi?" na shangazi huko akaangua kilio, kwa hiyo tukajua. Mgongo ulikuwa umemkamata, hainuki, na alikuwa amewafukuza wanawe wote chumbani. Alisema aitwe wa Singida. Na asije na kiroba.

Nilimkuta amejikunyata ukutani, macho nusu yamefumba, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ile. "Shikamoo, Bibi." Safari hii aliitikia. Akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu nioe, kama mimi mwenyewe sijambo. Nikakunja mikono ya shati, nikamimina mafuta ya alizeti kiganjani, maana dawa nyingine siijui, nikaanza kumkanda taratibu. Leo ni miezi miwili tangu siku hiyo, na Bibi wote wawili wanadonoa vizuri tu.